Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Kyela: Mashine za Mpunga na Janga Lijalo

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Kyela,
Mkoa wa Mbeya.

YAH: MASHINE ZA KUKOBOA MPUNGA KATIKA MIPANGO YA KUKABILI MAJANGA

Ndugu Mkurugenzi,

Barua hii inaandikwa kutoka Kata ya Mbugani kuhusu jambo ambalo mipango ya kukabili magonjwa ya mlipuko hulipita bila kuligusa, nalo ni hali ya kiwanda kidogo, hasa mashine ya kukoboa mpunga, pale ugonjwa unapofunga masoko ya mbali ilhali mlango wa kiwanda chenyewe uko wazi.

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Kwa kuwa Serikali haikuwafungia watu majumbani, na masoko pamoja na karakana viliendelea na kazi, wengi waliamini kwamba viwanda vya wilaya kama Kyela vilinusurika. Imani hiyo ni nusu ya ukweli, kwani mashine ya mpunga huishi kwa mchele kuondoka, hata kama hakuna aliyeizuia kuwashwa. Malawi, jirani wa ng'ambo ya Mto Songwe, ilitangaza hali ya janga tarehe 20 Machi. Zambia ilifunga mpaka wake na Tanzania pale Nakonde kwa siku kadhaa mwezi Mei. Hoteli zilikosa wageni. Na shule nyingi, zikiwamo za bweni ambazo ni walaji wakubwa wa mchele, hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Miezi hiyo ndiyo mpunga wa Kyela hukomaa na kuanza kuvunwa.

Athari yake haionekani kwa urahisi mpaka ieleweke namna kazi hii inavyokwenda. Mwenye mashine kwa kawaida si mwenye mpunga: hulipwa ada kwa uzito anaokoboa, huku uwanja wake ukiwa pia ghala la wakulima na mahali wanapokutana na madalali. Mpunga ulio ndani ya maganda hutunzika muda mrefu kuliko mchele, hivyo mkulima anayeona bei inayumba hufanya jambo la busara kabisa, yaani huuacha mpunga bila kuukoboa na kusubiri. Gharama ya subira hiyo humwangukia mwenye mashine, ambaye ghala lake limejaa na mfuko wake ni mtupu. Soko linapofunguka, wote hutaka mpunga wao ukobolewe kwa wakati mmoja, na hapo mikanda, machujio na rola za mpira zinazotenganisha ganda na punje huchakaa upesi. Vipuri hivyo kwa sehemu kubwa hutoka China, na mwaka 2020 usafirishaji wa baharini ulivurugika duniani kote. Kwa hiyo kipindi cha kuinuka kinaweza kumwelemea mwenye kiwanda kuliko kipindi cha kuanguka, na hapo ndipo anapohitaji mtaji wa kuendeshea, yaani fedha za kulipia umeme, vibarua na vipuri kabla ada haijaingia.

Nafuu zilizotolewa zilipita njia nyingine. Mwezi Mei 2020 Benki Kuu ilishusha riba inayozitoza benki za biashara kutoka asilimia 7 hadi 5, ikapunguza amana ambazo benki hizo hulazimika kuziweka kwake kutoka asilimia 7 hadi 6, na kuziruhusu zipange upya mikopo ya wateja walioathirika. Hatua hizo zina maana kwa mwenye mkopo wa benki. Aliyekopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, au kwa mfanyabiashara wa mchele, hakuwamo. Hatua iliyoelekea kumfikia mtu wa Mbugani moja kwa moja ni ile iliyotajwa kidogo kuliko zote: kiwango cha juu cha miamala ya simu kwa siku kilipandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5. Mwaka uliofuata ulikuja mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban shilingi trilioni 1.3, uliojenga madarasa 15,000 pamoja na miradi ya afya na maji. Madarasa yalihitajika, na kwa kuwa yalijengwa kwa kutumia mafundi wa kawaida badala ya makampuni makubwa, waashi na wachomeleaji walipata kazi. Somo lililomo humo ni kwamba taasisi ya umma humwinua fundi upesi zaidi inaponunua kazi yake.

Kaunti ya Kitui nchini Kenya ilitoa mfano huohuo. Kiwanda chake cha nguo, KICOTEC, kilichokuwa kikishona sare, kiligeukia barakoa mwaka 2020, na mgeuko huo uliwezekana kwa sababu kaunti yenyewe ilikuwa nyuma yake na wanunuzi walikuwa wanajulikana. Cherehani peke yake isingetosha.

Halmashauri ya Kyela inayo mikono miwili ya namna hiyo: asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 30 ya ununuzi inayotengwa kwa makundi maalumu. Tatizo ni kwamba yote miwili hulenga zaidi vikundi, ilhali mashine ya mpunga mara nyingi ni ya mtu mmoja na wasaidizi wachache. Mwenye mashine ni mdogo mno kwa benki, na si kikundi. Hakuna haja ya kuunda vikundi vya jina tu ili kuziba pengo hilo. Njia bora imo tayari wilayani, kwani kakao ya Kyela inauzwa kwa stakabadhi ghalani, utaratibu uliowekwa na sheria ya mwaka 2005 ambao humpa mwenye mazao hati ya mzigo wake, naye anaweza kuitumia kama dhamana ya mkopo. Mpunga uliokwama ghalani mwaka 2020 ungeweza kuzaa fedha za kumlipa mwenye mashine kwa njia hiyo. Hata hivyo utaratibu huo uwe wa hiari, maana mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa wiki hii hawezi kulazimishwa kungoja mnada.

Haja hii haingoji ugonjwa mpya. Machi 2025 Malawi ilizuia mchele na mazao mengine ya nje, Tanzania ikajibu kwa zuio lake mwezi Aprili, na ingawa mazungumzo yalilimaliza jambo hilo mapema Mei, mzigo wa Kasumulu, kwenye mpaka wa Malawi, ulikuwa umekwisha kuonja tena yale ya 2020.

Kwa hiyo Halmashauri inaombwa, kabla ya mavuno yajayo, iwaagize watendaji wa kata kuandikisha kila mashine, uwezo wake wa kukoboa na ukubwa wa ghala lake, kisha ikutane na wenye mashine na chama kikuu cha ushirika ili waamue ni maghala yapi yanaweza kufikishwa katika viwango vya Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala, na nani atagharamia ukarabati.