Msiivue Fremu Rangi Yake

Huko Ulaya wamezidi watu wanaokusanya baiskeli za mbio za chuma, zile ambazo fremu zake ziliungwa kwa mkono. Tangu 1997 wana hata sikukuu yao, L'Eroica, katika vilima vya Gaiole in Chianti nchini Italia, ambako gia hubadilishwa kwa vijiti vilivyo kwenye bomba la chini, kama zamani. Mapenzi hayo nayaunga mkono. Ninachokipinga ni desturi iliyofuatana nayo: kuikwangua fremu rangi yote, kuipulizia mchanga na kuipaka upya mpaka ing'ae kama sufuria ya bibi harusi. Wenyewe wanasema wanaitengeneza. Naona wanaifuta.

Tazama maungio. Ncha za mabomba huingizwa kwenye soketi ya chuma, kisha shaba au fedha iliyoyeyuka hupenya katika mwanya mwembamba uliobaki. Kingo za soketi hiyo fundi alizikata kwa tupa, akazichonga mpaka zikawa nyembamba kama ukucha, na humo ndimo mkono wake unamotambulika. Tunauhitaji ushahidi huo, maana jina lililobandikwa ubavuni halisemi kweli siku zote: baadhi ya baiskeli za miaka ya 1970 zilizoandikwa jina la bingwa wa mbio Eddy Merckx ziliungwa na Mwitaliano Ugo De Rosa. Mchanga na tupa mpya zikishapita hapo, mwenye kuuliza hana pa kuuliza. Tena chuma chenyewe ni haba. Bomba la Reynolds 531, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1935, ni nene kwenye ncha, panapopata moto wa maungio, lakini katikati unene wake ni nusu milimita na ushei tu. Kukwangua hapo ni kula akiba isiyorudi.

Watasema kutu itaimaliza. Lakini kutu ya hatari iko ndani, chini pale pedeli zinapozungukia, maji yanapotuama, na rangi ya nje haifiki huko. Dawa yake ni kukausha na kumimina mafuta mazito. Madoa ya nje yanataka kitambaa, nta na subira. Hoja nzito zaidi ni kwamba hata enzi zile wenye baiskeli walizirudisha kwa fundi zipakwe upya. Ni kweli. Ila rangi ya pili ya 1958 ni sehemu ya maisha ya fremu, wakati ya mwaka huu, pamoja na stika zake za kompyuta, inajifanya ya 1958. Bomba likipasuka, hapo sina ubishi: likatwe, liwekwe jingine, na rangi iguswe palipoungua tu. Anayependa mng'ao aagize fremu mpya. Mafundi wa kuunga chuma kwa mkono bado wapo Italia na Uingereza, na watampakia rangi yoyote atakayo.