Parkinson: usimwambie mzee akae, mpe mdundo

Wiki jana nilitazama video moja mara tano badala ya kumaliza kazi ya mteja. Ni ya mwaka 2010, ya madaktari wawili wa Uholanzi, mmoja wao Bas Bloem. Mwanamume wa miaka 58 mwenye ugonjwa wa Parkinson anajaribu kutembea. Miguu inagoma, kama imegandishwa sakafuni. Halafu wanampa baiskeli. Jamani! Anaendesha, anakata kona, anarudi. Akishuka tu, miguu inaganda tena.

Mtu wa programu akiona hivyo anajua mashine ni nzima, ila ile amri ya kuiamsha ndiyo inapotea njiani. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zimekufa, na mwendo uliokuwa ukijiendesha wenyewe unakwama. Lakini mistari iliyochorwa sakafuni, au mdundo wa kuhesabia hatua, huweza kuukwamua. Ni kama kupitia mlango wa nyuma.

Kwa hiyo hunikera sana nikisikia familia ikimwambia mgonjwa, "Wewe keti tu, upumzike." Wanampenda, naelewa, lakini wanamdhuru. Mwaka 2018 kulitoka utafiti wa Marekani wa watu 128 ambao ugonjwa ulikuwa bado mchanga. Waliokimbizwa kwenye mashine miezi sita, moyo ukipiga asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wake, dalili zao karibu hazikusogea: alama 0.3. Wale ambao hawakufanyishwa mazoezi hayo walizorota kwa alama 3.2. (Usimkimbize mzee wako kabla daktari hajapima moyo, na dawa zake asiache.)

Na si lazima iwe mashine. Uchambuzi wa Cochrane wa 2023 ulikusanya majaribio 156 na kukuta kwamba dansi, mazoezi ya majini, ya nguvu na kadhalika yanasaidia, na tofauti kati yao ni ndogo. Basi kwa nini sisi waundaji programu tunakimbilia vifaa vya bei ya ng'ombe? Simu ya kawaida inaweza kupiga mdundo.

Niliandika kijiprogramu hicho, nikampa jirani yangu, mzee mwenye Parkinson. Toleo la kwanza lilikuwa upuuzi mtupu: kasi ilibadilishwa kwa kutelezesha kidole. Kidole kinachotetemeka! Mdundo ukaruka kutoka 60 hadi 140. Akanitazama, akasema, "Kijana wangu, simu yako inatetemeka kunishinda."

Sasa kuna vitufe viwili vikubwa, haraka na polepole, na hakihitaji intaneti. Anatembea nacho uani jioni, bintiye akiwa kando asije akaanguka. Amelalamikia jambo moja tu: hataki "tik tik", anataka ngoma. Nimeanza kurekodi.