Ngege na Waini Nyeupe: Ushuru Ulivyoigeuza Meza ya Kaks

Wasee wa Lurambi, weekend ikifika ni ngege wa kukaanga, ugali, na soda ya kushukishia. Jaribu waini nyeupe. Shida ni doh, na hapo serikali imeingiza mkono.

Tangu Desemba 2024, waini haitozwi ushuru kwa lita, ile 243.43. Sasa ni bob 22.50 kwa kila sentilita ya pombe yenyewe. Piga hesabu: chupa ya mililita 750 ya asilimia 12 ilikuwa inalipa kama 183, sasa ni 203. Ya asilimia 8 imeshuka hadi 135. Yaani zile tamu nyepesi zimepona, dry zimeumia.

Na ngege wa mafuta na ndimu anataka dry! Sauvignon Blanc kama Leleshwa ya Naivasha, iwe baridi kabisa. Ukimshukisha na tamu, mafuta yanakwama mdomoni. Tamu pelekea omena yenye pilipili, inazima moto poa. Ingokho ya mchuzi? Chenin Blanc. Mrenda sijui niseme nini, manze, ule unateleza wenyewe.

Kama dry imewashinda bei, changeni wanne, chupa moja.