Mbolea Kabla ya Theluji

Jamaa zetu walioko Minnesota, Marekani, wana nyasi za uani za kutunza, na mbolea yake ina wakati. Wakati huo ni Septemba: jua limepoa, udongo ungali na joto, na mizizi hujiwekea akiba ya kuvukia baridi. Udongo ukisha kuganda, mizizi haili tena. Mbolea hubaki juu, na theluji iyeyukapo husombwa hadi ziwani, ikastawisha mwani na kuwadhuru samaki. Ndiyo sababu sheria ya jimbo hilo, tangu 2005, imebana matumizi ya fosforasi katika mbolea ya nyasi. Basi, akina mama, tuwausiapo wanetu kwa simu, tuwakumbushe: aliyechelewa na aiweke mbolea ghalani. Kuimwaga ni israfu, na maji ya ziwa ni haki ya jirani.