Redio Iliyokariri Japani

KANDO YA LAMI
Na Salma Mbonde, Mchukwi

Washa Noah yoyote iliyoingia nchini karibuni, pale stendi Kibiti au nje ya geti la hospitali ya misheni hapa Mchukwi, na wa kwanza kukusalimu si konda wala abiria. Ni mwanamke wa Kijapani. Anasema yake kwa sauti laini, kisha ananyamaza. Madereva wa michomoko ya Bungu, yale magari madogo ya abiria, wamemzoea kiasi cha kumwitikia: "Haya mama, tumesikia." Wengine wanaamini anawatakia safari njema. Hasa anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Kule kwao barabara za kasi hulipiwa, na tangu 2001 gari hupita getini bila kusimama, kijisanduku kilichofichwa chini ya dashibodi kikimalizana na geti chenyewe. Gari limevuka bahari, limetozwa ushuru, limepigwa namba za T, na bado linadai kadi ya barabara isiyofika Mkuranga.

Tunacheka, na kweli inachekesha. Lakini gari hilo tumelilipia lote. Hatukulipia injini na tairi tu. Kwa nini basi sehemu inayosema na dereva, yaani redio, skrini na rimoti, tukabidhiwe ikiwa bado iko Yokohama, halafu tuone ni jambo la kawaida?

Redio kwanza, maana ndiyo yenye hasara kubwa. FM ya Japani ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90. Sisi, pamoja na sehemu kubwa ya dunia, tuko 87.5 hadi 108. Wajapani waliishia 90 kwa sababu eneo la kuanzia hapo hadi 108 walilitenga kwa televisheni, chaneli ya 1, ya 2 na ya 3 za analojia. Televisheni hizo zilizimwa karibu nchi nzima Julai 2011, na mwishoni mwa 2014 ndipo walipoanza kuipandisha FM yao hadi 95. Redio za magari mapya zimefuata. Ila nani huku ana gari jipya? IST, Raum, Spacio, Noah za zamani: sindano inafika 90 na kugonga ukuta.

Sasa mchukue mwenye gari la namna hiyo akiwa Dar es Salaam. FM yake nzima ni kile kipande kati ya 87.5 na 90. Humo wamo East Africa Radio 88.1, Clouds 88.5, Wasafi 88.9 na Radio One 89.5. Magic ya 92.9, Efm ya 93.7 na Times ya 100.5 kwake ni kama hazijazaliwa. Watu wa matangazo wanabishana kila siku nani anasikilizwa zaidi mjini. Wanapima watangazaji, wanapima vipindi, wanapima nani kamchukua nani. Sijamsikia anayepima redio za magari. Foleni ya Mbagala imejaa Toyota za Kijapani, na stesheni iliyogawiwa masafa chini ya 90 imepewa kiwanja cha kona.

Dawa ipo, na si ya jana. Fundi umeme anachomoa waya wa eriali nyuma ya redio, anapachika katikati kijisanduku kinachoenea kiganjani. Wenyewe wanakiita ekspanda. Kazi yake ni kuyashusha masafa yetu hadi yaingie kwenye kipimo cha Mjapani. Kikiwa cha kushusha megahezi 12, Efm utaikuta 81.7, Radio One 77.5 na Clouds 76.5. Times ya 100.5 inatua 88.5, namba ileile unayoisikia Clouds wakijitangazia. Ndiyo maana watu wawili wenye IST za rangi moja wanaweza kubishana hadi jioni kuhusu stesheni fulani iko wapi, na wote wakawa wanasema kweli. Chochote kilicho juu ya 102 bado hukipati. Kuna ekspanda za kushusha 15, 18, hata 20, na hapo ndipo pa kuwa macho: ya 18 inakuanzishia 94, kwa hiyo umepata za juu na kuzipoteza za chini ulizokuwa nazo bure. Fundi asiyekuuliza unasikiliza nini atakufungia iliyopo dukani. Na muulize waya wa moto ameuunga wapi. Uungwe kwenye ule unaopata umeme redio inapowaka. Akiuunga moja kwa moja kwenye betri, gari likilala muda mrefu utakuja kusukumwa.

Mvuvi wa Salale mwenye redio ndogo ya mawe mawili, iliyofungwa kwa mpira ili mfuniko usianguke, ana FM yote hadi 108. Mwenye Alphard anayempita pale Nyamisati akisubiri boti ya Mafia, mwenye spika nane na kiyoyozi, hana. Huyo mvuvi ndiye ningemfuata kumuuliza habari ya hali ya hewa.

Na kwetu hali ya hewa si mazungumzo ya kupotezea muda. Hii barabara ya Kilwa ndiyo lami inayotutoa Dar na kutupeleka Daraja la Mkapa, Nangurukuru, Lindi na Mtwara. Aprili 2024 Rufiji ilifurika, mashamba ya Kibiti na Rufiji yakawa maji matupu. Mei ya mwaka huohuo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza siku kadhaa mfululizo habari za Kimbunga Hidaya, kikaja kutua upande wa Mafia, na mvua zake zikakata barabara Somanga. Magari yakalala njiani huku na huku. Dereva mwenye redio inayoshika angeamua Mbagala kama aondoke au alale. Mwenye flashi ya singeli peke yake habari aliikuta Somanga.

Utaniambia simu ipo. Ipo, ikiwa na bando, ikiwa na chaji, na ikiwa mahali penye mtandao. Halafu simu inataka macho na kidole. Redio inataka sikio tu.

Hapo nina neno na wale wanaong'oa redio ya Kijapani na kuweka ile ya Android yenye skrini pana. Siwalaumu. Inashika hadi 108, inasoma flashi, inaongea Kiingereza na ikibidi Kiswahili. Tatizo ni mafundi wanaoifunga haraka na kuviacha vitufe vya kwenye usukani vikiwa vimekufa. Vile vitufe vya kuongeza sauti na kuruka stesheni havikuwekwa kwa urembo. Viliwekwa ili mkono usitoke kwenye usukani na macho yasitoke barabarani. Waya wake upo nyuma ya redio, na redio nyingi mpya zina mahali pa kuupokea na ukurasa wa kuvifundisha vitufe kazi zake. Ni kazi ndogo. Fundi akisema haiwezekani, mwulize kama haiwezekani au hajawahi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo halali wa kupita kijijini, linakula mita 40 na ushee katika sekunde tatu za kutafuta wimbo kwenye skrini. Watoto wa shule wanaovuka lami hapa Mchukwi hawahitaji hata mita kumi kuwa mbele ya bampa.

Skrini za Kijapani zenyewe zina vituko vya kujaza gazeti. Nyingine zina tundu la MD, zile diski ndogo za Sony za 1992, ambazo sijamwona mtu huku akizitumia. Konda anaweka humo risiti. Nyingine zina diski kuu inayohifadhi nyimbo, na unanunua gari ukiwa umerithi nyimbo za mwenye gari wa kwanza, wakati mwingine na ramani ya nyumbani kwake. (Nawe ukiuza, futa simu zako kwenye Bluetooth. Majina ya wakwe yanakwenda na gari.) Zile zinazotumia ramani ya kadi ya SD ndizo za kulia nazo. Kijana anayeosha gari anaiona ile kadi, anaichomoa akaitie kwenye simu yake, na hapo si ramani ya Osaka tu iliyokufa: redio nayo inagoma, inabaki kudai kadi kwa maandishi usiyoyajua. Na fundi akichomoa betri ya gari bila kukuuliza, baadhi ya redio za Toyota zinajifunga kama simu ya wizi na kutaka namba ya siri. Kuna wanaozifungua kwa kutumia namba inayojitokeza kwenye skrini, wakakupa nyingine ya kujibu. Wapo mjini. Huku utabaki na kioo cheusi hadi upate safari.

Kitu kimoja tu katika skrini hizo sitaki kiguswe. Saa yake inafuata setilaiti na imekaa kwenye saa za Japani, ambazo zimetutangulia kwa saa sita kamili. Saa sita! Asubuhi tunaposema saa mbili, kule ni saa nane ya mchana kwa hesabu yetu, na kwa hesabu yao ni mbili. Skrini inaandika 2:00. Jioni yetu ya saa kumi na mbili, inaandika 12:00. Mtu aliyeitengeneza Nagoya hakuwahi kumfikiria bibi yangu, lakini ametengeneza saa ya gari pekee inayosoma kama bibi anavyosoma. Mafundi wanahangaika kuirekebisha ili ionyeshe 8:00. Iacheni.

Nirudi kwenye rimoti. Gari la mnada mara nyingi linafika na ufunguo mmoja tu, na huo mmoja unaishi kwa betri ya kidonge, mara nyingi CR2032 au CR1632. Namba imeandikwa kwenye betri yenyewe. Haifi ghafla. Kwanza inaacha kufungua kutoka mbali, halafu inakutaka usogee mlangoni, halafu inataka kubonyezwa mara mbili tatu. Dereva anasema sentro loki imeanza usumbufu. Siku inapokata kabisa ni siku uko mbali na duka.

Juzijuzi nje ya geti la hospitali ilisimama Crown nyeupe, mwenyewe anaizunguka na kubonyeza, abiria wake mgonjwa kakaa kwenye benchi la mama ntilie, na kijana wa bodaboda keshanyoosha waya wa hanga tayari kuupenyeza dirishani. Mzee mmoja anayelinda magari pale akaiomba rimoti. Akasukuma kilachi kidogo ubavuni, akavuta, ukatoka ufunguo wa chuma. "Baba, ulikuwa nao mkononi." Mlango ukafunguka, king'ora kikapiga kelele hadi wauguzi wakachungulia. Mzee akamwambia kanyaga breki, gusisha upande wenye nembo ya Toyota kwenye kitufe cha kuwashia, ngoja mlio, sasa bonyeza. Ikawaka, na king'ora kikanyamaza. Chipu inayotambuliwa na gari haitegemei ile betri. Ikisogezwa karibu, gari lenyewe linaipa nguvu. Yule bwana alikuwa na Crown siku nyingi. Hakuna aliyewahi kumwambia, na kitabu cha maelezo kilichomo kwenye droo kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada.

Hilo la kitabu ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ukaguzi wa magari yanayoingia unatazama breki, taa, usukani, tairi, na ni haki utazame hivyo. Gari dogo la kutembelea lililozidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na tunalipa. Mwagizaji anapata chake, wakala wa bandarini anapata chake, dalali anapata chake mara mbili. Kisha gari linakaa yadi, linaoshwa, linapigwa polishi, tairi zinapakwa dawa zing'ae. Nusu siku ya fundi umeme haimfilisi mtu wa yadi: aweke ekspanda inayofaa masafa ya mahali mteja anapoishi, amnyamazishe yule mama wa kadi kwa kuchomoa waya wake, abadilishe betri ya rimoti, na aandike karatasi moja ya Kiswahili inayosema kitufe hiki kinafanya hivi na ufunguo wa chuma umejificha hapa.

Mpaka watakapofanya hivyo, mnunuzi ajisaidie. Ukifika yadi, kabla hujafungua boneti na kujifanya unaijua injini, kaa kwenye kiti. Washa redio, tafuta stesheni inayosikika kijijini kwako. Bonyeza vitufe vya usukani kimoja kimoja. Funga gari ukiwa umbali wa hatua ishirini, kisha lifungue. Vuta ufunguo wa chuma uone kama umo au uliibwa bandarini. Muuzaji akisema hayo madogo utamalizana na fundi wako huko Kibiti, mwambie na kiasi fulani cha bei nacho mtamalizana hukohuko. Na ufunguo wa pili uulizie kabla hela haijatoka.