Krismasi ya Waliobaki Pwani

Kila mwaka ifikapo juma la tatu la mwezi wa Desemba, kivuko cha Likoni hujaa watu waliofunga safari ya bara. Karani wa Msambweni amebeba kikapu cha maembe na nazi. Mpishi wa hoteli ya Diani ana begi jipya, na ndani yake kanga za mama yake. Mwalimu wa Lunga Lunga amewashika watoto wawili mikono wasipotee katika msongamano. Wote wanakwenda kula sikukuu kwao, Machakos, Kisumu, Kakamega au Nyeri. Nauli za mabasi hupanda siku hizo, na tikiti za gari la moshi la Nairobi, lile jipya lililoanza kazi mwaka 2017, huisha mapema. Nyuma yao, ng'ambo ya kusini, hubaki watu wengi wasiotajwa sana: asiye na nauli, aliyenyimwa ruhusa kazini, mjane, mgonjwa aliye wodini, na yule ambaye huko bara hana tena wa kumfungulia mlango.

Haifai kuwalaumu wanaosafiri. Kuwaheshimu wazazi ni amri ya Mungu, na mzee aliyekaa mwaka mzima akitazama njia ana haki ya kumwona mwanawe. Walakini yafaa kuwafikiria waliobaki, maana wao ndio wanaoulizwa swali gumu: je, Krismasi yaweza kuwa Krismasi mahali ambapo mtu hana ukoo, hana kaburi la babu yake, na jirani zake wengi si wa dini yake?

Katika nchi ya Kwale Waislamu ndio wengi. Wadigo, wenyeji wa mwambao kutoka Likoni hata Vanga, aghalabu wameushika Uislamu tangu zamani, na msikiti wa kale wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karibu na mlango wa mto Mwachema hapo Diani, una umri wa mamia ya miaka na bado watu husali humo. Wakristo wengine ni wenyeji vile vile, hasa miongoni mwa Waduruma wa upande wa Kinango. Lakini wengi wa mwambao walikuja kwa ajili ya kazi au shamba. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kiliwavuta wakata miwa na mafundi kutoka mbali, mpaka kilipofungwa mwaka 1988. Katika miaka ya 1950 serikali ya wakati ule iliwapa Wakamba mashamba katika makazi ya Shimba Hills. Baadaye, uhuru ulipokwisha patikana, hoteli za Diani ziliongezeka, nazo zikawaleta wapishi, madobi na walinzi. Kila kundi lilikuja na kitabu chake cha nyimbo katika lugha ya kwao, na ndiyo sababu ibada ya Krismasi hapo Ukunda husomwa na kuimbwa zaidi kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao hawakuinyonya kwa mama lakini wote huielewa.

Taabu ya aliyebaki si njaa, bali ni haya. Simu inalia kutoka nyumbani, anaulizwa amefika wapi, naye anajibu kwamba kazi ni nyingi. Chumba chake cha kupanga kina kitanda na redio. Wenzake wa bara wamefunga milango kwa kufuli. Basi hutoka akafuata tembo la mnazi tangu asubuhi, na jioni ya sikukuu ikamkuta amelala chini ya mkorosho. Mwingine huikimbia haya hiyo kwa njia ya mkopo: hukopa nauli ya watu watano, kwenda na kurudi, na zawadi juu yake. Januari shule zinapofunguliwa mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na deni la Krismasi hulipwa mpaka Pasaka.

Amma habari yenyewe inayosomwa kanisani siku ile, watu huisikia kila mwaka bila kuitegea sikio. Yusufu na Mariamu hawakusafiri kwa ajili ya karamu. Kaisari Augusto alitoa amri watu waandikishwe, kila mmoja mjini kwao, na makarani wanaijua taabu ya kazi ya namna hiyo. Yusufu akaenda Bethlehemu, mji wa ukoo wa Daudi, yaani alikwenda kwao hasa! Na huko kwao hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, mtoto akalazwa horini. Tena waliopelekewa habari kwanza hawakuwa jamaa wa ukoo. Walikuwa wachungaji walio zamu ya usiku, wakilinda mifugo. Basi mtu aliyekosa mahali pake, akapokewa na watu wasio ndugu, yumo ndani ya habari hiyo tangu mwanzo wake.

Waislamu nao wanayo habari ya kuzaliwa kwa Isa bin Mariamu katika Sura ya Mariamu, iliyo ya 19 katika Kurani. Humo Mariamu amekwenda mahali pa mbali, uchungu ukamshika kwenye shina la mtende, akapewa tende mbivu na maji ya kunywa. Dini hizi mbili hazikubaliani juu ya nani huyo aliyezaliwa, na si kazi ya gazeti kuificha tofauti hiyo. Lakini zote mbili zinamtaja mama aliyejifungua mbali na nyumbani, na kwa mtu aliye peke yake Ukunda hilo ni neno la kushikwa.

Wafanyakazi wa hoteli wanaielewa zamu ya usiku kuliko watu wengine. Desemba ni mwezi wa wageni, na ruhusa ni haba. Mtumishi huvaa kofia nyekundu ya sikukuu akawapelekea wengine chakula, hali watoto wake mwenyewe wanamngoja. Hata hivyo wengi hawanung'uniki sana, kwa sababu wanaikumbuka miaka ya hoteli tupu: baada ya machafuko ya mwaka 1997, na tena mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia ndege. Kwa hiyo katika nyumba nyingi sikukuu haiwi tarehe 25. Huwa tarehe 26, au 27, siku baba au mama anapopata nafasi ya kupumzika, na watoto wamekwisha zoea.

Siku hiyo ikifika, ndipo Krismasi ya pwani ya kusini inapojionyesha. Watu huchanga. Kula bia ni desturi ya kale ya Waswahili: huyu hutoa mchele, huyu nazi, huyu bizari, huyu fedha kidogo, na chakula huwa cha wote. Nyumba nne au tano za waliobaki hununua mbuzi mmoja. Kisha hufuata jambo ambalo mgeni hulistaajabia mara ya kwanza, nalo ni kwamba Mkristo mwenye mbuzi hamchinji mwenyewe. Humtuma mtoto kwa jirani: “Shikamoo, babu. Baba anaomba uje utuchinjie.” Mzee huja na kisu chake, humwelekeza mnyama kibla, ambayo hapo Kwale ni upande wa kaskazini, hulitaja jina la Mungu na kuchinja. Kwa tendo hilo la dakika chache nyama imekuwa halali kwa mtaa wote, na aliyealikwa hana haja ya kusingizia kwamba ameshiba.

Vyombo pia vina adabu yake. Nyumba iliyopika nguruwe haivitumii vyombo vyake kwa wageni hawa. Huazima masufuria makubwa ya arusi kutoka kwa akina mama wa mtaa, na wenye masufuria hufuatana nayo, kwa kuwa hapana mpishi wa pilau anayemwamini mpishi mwenzake. Yahitajiwa na mbuzi wa pili, yule wa kukunia nazi, naye hupatikana karibu kila nyumba ya pwani bila kununuliwa. Mwanamke aliyetoka Kitui mwaka jana hujifunza hapo kuchuja tui la kwanza na la pili, na jirani yake hujifunza kwake kupika muthokoi. Ifikapo alasiri wamekwisha ulizana habari za watoto, za karo, na za mvua ya vuli.

Wako Waislamu wanaoona kwamba haiwafai kushiriki sikukuu ya dini nyingine, na wako Wakristo wasiokubali nyama iliyochinjwa kwa desturi hiyo. Hao wasilazimishwe, wala wasichekwe. Jirani asiyekula aweza kupelekewa maembe, maana Desemba ni msimu wake, na embe halina mchinjaji.

Anayedhani kwamba ujirani wa namna hii ni jambo la juzi na azikumbuke habari za Dakta Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, aliyekuja kukaa Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Tarehe 8 Juni mwaka ule alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Muedin, mtu wa asili ya Barawa. Mwezi uliofuata Rosine akafa kwa homa, na mtoto wake mchanga naye akafa. Kaburi lake liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mwenzake wa kazi, Johannes Rebmann, hakufika mpaka mwaka 1846. Basi Krismasi ya 1844 na ya 1845 zilimkuta Krapf hana mke wala mwenzake wa misheni. Waliomzunguka walikuwa watu wa Mombasa, na kadhi mmoja miongoni mwao alikuwa amekwisha keti naye juu ya kitabu kimoja.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya tumbo tu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na fujo zikaenea upande wa kusini. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na maelfu kwa maelfu ya walioitwa wabara wakahama. Wengi walipata hifadhi katika kiwanja cha kanisa Katoliki la Likoni. Uchaguzi wa mwaka ule ulifanyika tarehe 29 Desemba, siku nne baada ya Krismasi. Chanzo cha fujo kilikuwa siasa, pamoja na malalamiko ya ardhi na kazi ambayo hayajaisha yote, hakikuwa sala. Lakini fitina hupata njia pale ambapo jirani halijui jina la jirani. Mtu aliyekaa Diani miaka 20, akapokea mshahara hapo, na kila Desemba akafunga mlango na kwenda zake bila kumjua hata mzee wa mtaa, amejifanya mgeni mwenyewe. Na mwenyeji aliyemwita mbara kwa miaka hiyo 20, asimkaribishe hata maji ya kunywa, naye ana sehemu yake.

Krismasi tatu zilizofuata, yaani ya 1998, ya 1999 na ya 2000, zote ziliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani; ile ya mwisho ilikuwa siku mbili tu kabla ya Idi. Mkristo alikuwa na karamu, jirani yake alikuwa na funga. Adabu katika hali hiyo ni nyepesi kwa anayeitaka: sahani haipelekwi adhuhuri. Hungoja magharibi, ikaingia pamoja na futari.

Mahali ambapo mambo haya yanakwenda vema, hayakuanza siku ya sikukuu. Mzee wa kanisa huchukua daftari tangu Novemba akaandika majina ya wanaobaki, nyumba wanamokaa, zamu zao za kazi, na alichoahidi kila mmoja kuleta. Mgonjwa wa hospitali ya Msambweni ambaye jamaa zake wako mbali huandikwa, na jina la atakayemtazama huandikwa mbele ya jina lake. Mlinzi wa usiku huandikwa, apate kupelekewa chai katika chupa. Tumaini huhubiriwa mimbarani, na mahubiri yana kazi yake. Lakini mjane hulisadiki zaidi aonapo jina lake limo katika daftari na mtoto wa watu amekuja kumwita.

Sahani, kwa desturi ya pwani, hairudishwi tupu. Iliyokwenda na pilau Desemba hurudi na mahamri, au hungoja Idi ikarudi na biriani. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, Ramadhani inazidi kurudi nyuma, na mwaka 2031 Krismasi itakuwa ndani ya mfungo tena. Daftari la mwaka huo litahitaji safu moja zaidi, ya saa ya magharibi.