Chumvi ya Ma'rib na Ardhi ya Nevada



Ijumaa iliyopita, baada ya Swala, kijana mmoja wa darsa letu la jioni alinifuata nilipokuwa nakusanya madaftari ya kamati. Alikuwa amesoma kwamba huko Marekani mji mdogo unaweza kuiomba serikali kuu ardhi ya umma na ukapewa kwa matumizi yake. Akaniuliza: ikiwa ardhi hiyo ni ya raia wote, ni uadilifu gani kuwapa watu wa mji mmoja? Nilimjibu upesi kwamba ni uadilifu mtupu. Nilipofika nyumbani niliona kuwa nimejibu kama mwombaji ardhi, si kama mtu aliyekaa mbele ya masheikh akasoma. Maana sisi wenyewe ni waombaji. Makaburi yetu yamejaa, na barua yetu ya kuomba eneo jipya imo katika ofisi moja ya ardhi, huu ni mwaka wa tatu. Basi nimeona nilirudie swali lake hapa kwa utulivu.

Tuanze na hali ilivyo huko kwenyewe. Serikali ya shirikisho ya Marekani inamiliki takriban ekari milioni 640, zaidi kidogo ya robo ya ardhi yote ya nchi, na sehemu kubwa iko upande wa magharibi. Katika jimbo la Nevada inamiliki kiasi cha asilimia 80. Hebu msomaji apige picha ya mji wa watu elfu tatu uliozungukwa kila upande na ardhi isiyokuwa yake. Ukitaka kuongeza shule, kituo cha zimamoto au makaburi, hauna pa kusogea mpaka mwenye ardhi, aliye maili elfu mbili na zaidi mjini Washington, aridhie.

Kwa ajili ya hali hiyo Bunge lao, Kongresi, lilipitisha mwaka 1926 sheria ya ardhi kwa ajili ya burudani na manufaa ya umma. Msimamizi wake ni Idara ya Usimamizi wa Ardhi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. (Wizara hiyo kwao haihusiki na polisi kama ilivyo kwetu, kazi yake ni ardhi, mbuga na mambo ya wenyeji wa asili.) Kwa sheria hiyo mji, wilaya, jimbo, au jumuiya isiyotafuta faida inaweza kukodishwa au kuuziwa ardhi kwa bei nafuu, na pengine bila malipo, kwa ajili ya viwanja vya michezo, shule, hospitali, makaburi na mfano wa hayo.

Lakini haitolewi hivi hivi. Mwombaji huleta mpango wa maendeleo: atajenga nini, lini, kwa fedha ipi. Kwa kawaida hukodishwa kwanza, na hati ya umiliki hufuata baada ya kazi kuonekana. Madini yaliyo chini hubaki kuwa ya serikali kuu. Na ardhi ikigeuzwa matumizi pasipo idhini, hurudi ilikotoka.

Niliposoma masharti hayo nilitabasamu, kwani mwanafunzi yeyote wa fiqhi aliyepitia mlango wa kuhuisha ardhi mfu atayatambua kama jamaa zake. Abyadh bin Hammal (RA) alimjia Mtume (SAW) kutoka Yemen akaomba apewe chumvi ya Ma'rib, naye akampa. Alipoondoka, mtu mmoja katika kikao akasema: Je, unajua ulichompa? Umempa kitu kama maji yasiyokatika. Mtume (SAW) akakirudisha. Wanazuoni wakachukua hapo kwamba madini yaliyo dhahiri, ambayo kila mtu anayahitaji na huyapata bila taabu kubwa, hayakatiwi mtu mmoja. Kisha kuna Bilal bin al-Harith al-Muzani, si yule mwadhini wetu, aliyepewa na Mtume (SAW) eneo la Aqiq. Ulipofika ukhalifa wa Umar (RA), aliambiwa ashike kile anachoweza kukilima, na kinachobaki akakirudisha kwa Waislamu. Si kwamba Umar alitengua zawadi ya Mtume kwa dharau. Alifahamu kuwa ardhi hutolewa ili ifanye kazi.

Kwa hiyo, kijana wangu, sehemu ya kwanza ya jibu ni hii: kuupa mji ardhi ya umma kwa shule au makaburi si kuwanyang'anya wengine, muradi kazi iliyotajwa ifanyike na mlango wa kuirejesha uwe wazi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walisema zamani kuwa kila kijiji kina harimu yake, yaani uwanda wa jirani wanaokusanyikia watu, wanaposimamisha wanyama, wanapotupa taka, na kwamba hapo mtu hawezi kuhuisha akajimilikisha peke yake. Walijua kwamba makazi ya watu hayaishii kwenye ukuta wa nyumba ya mwisho.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo iliyonifanya nikose usingizi.

Njia ya 1926 si njia pekee. Zipo hamisho zinazopita Kongresi kwa sheria mahususi, mji kwa mji. Mwezi Desemba 2014 Rais Obama alitia saini sheria ya matumizi ya ulinzi, na ndani yake, kati ya vifaru na ndege, mlipachikwa vifungu vya ardhi za kaskazini mwa Nevada. Kimoja kiliuruhusu mji wa Yerington, wenye wakazi wapatao 3,000, kununua kwa bei ya soko zaidi ya ekari 10,000 zilizozunguka mgodi wa shaba wa Pumpkin Hollow. Hoja ilikuwa ajira. Mji ule ulikuwa na historia ya shaba, ukauona mgodi mkubwa wa zamani ukifungwa, na vijana wake walikuwa wakihama. Siwezi kuwalaumu. Nani asiyetaka mwanawe apate kazi karibu na nyumbani? Ila mwaka 2024 kampuni ya mgodi ule ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Ardhi imebaki palepale. Ahadi ndizo zilizopeperuka.

Hapo ndipo namkumbuka tena Umar (RA), safari hii katika malisho aliyoyatenga kwa ajili ya wanyama wa sadaka na wa jihadi. Alimwagiza msimamizi wake awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mwangalifu na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan. Hao ni Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, vigogo miongoni mwa waliobashiriwa Pepo! Umar hakuwa na shaka na dini yao. Alisema tu kwamba wao mifugo yao ikiangamia wana mitende na mashamba ya kurejea, lakini mwenye kondoo wachache akipoteza alichonacho atakuja na watoto wake kumlilia khalifa. Swali analouliza Umar si nani mwema, bali nani hana pengine pa kwenda. Mji mdogo ukiomba uwanda wa makaburi, ni mwenye kondoo wachache. Mji uleule ukiomba ekari elfu kumi kwa ajili ya mgodi, inafaa kuchungulia ni kondoo wa nani wanaopitishwa langoni.

Sheria ile ile ina kifungu kingine kinachonipendeza zaidi. Kinahusu Virginia City, mji uliozaliwa na fedha iliyogunduliwa mwaka 1859. Watu walijenga nyumba, wakarithisha wajukuu, na baadaye ikabainika kuwa katika vitabu vya serikali viwanja vingine bado ni ardhi ya shirikisho. Mtu analipia nyumba ya babu yake, wala hawezi kuiuza kwa hati safi. Kifungu kilielekeza haki ya juu ya ardhi ipewe wilaya ili wenye nyumba wamilikishwe. Wasomaji wetu wanaoishi kwenye viwanja vya urithi visivyopimwa wataelewa bila mimi kueleza.

Na lipo jambo ambalo huwezi kulipita ukiwa mkweli. Ardhi hiyo inayoitwa ya umma ilikuwa ya Wapaiute na Washoshoni kabla ya Washington kuijua. Sheria hiyo hiyo ilitenga sehemu ya milima ya hapo kuwa hifadhi ikaipa jina la Wovoka, kiongozi wa kidini wa Wapaiute aliyefariki mwaka 1932 huko huko Yerington. Jina amepewa mlima. Ekari wamepewa wengine.

Nirudi kwetu. Jumamosi tulikaa kamati kuipitia upya barua. Tangu mwanzo tuliomba ekari tano, na ukweli ni kwamba makaburi yanahitaji tatu. Mbili za barabarani zilikusudiwa fremu za maduka, kodi yake iendeshe madrasa. Nia ni njema, na aliyelileta wazo hilo ni mzee ninayemheshimu, aliyenifundisha juzuu ya Amma nikiwa na miaka sita. Lakini katika barua tumeandika makaburi tu. Nilisema ama tuyataje maduka wazi, ama tuziache hizo ekari mbili. Mzee akasema: "Mwanangu, ofisi ikisoma maduka haitatupa hata kaburi moja." Nikamjibu, "Basi mzee wangu, hiyo ofisi itakuwa imefahamu." Alikaa kimya kitambo, kisha akasema nimekuwa mkali kwa kuwa sina mtoto madrasa. Ninao wawili, lakini sikumkumbusha.

Mwisho tulikubaliana kupunguza ombi hadi ekari tatu, kuambatanisha mchoro wa safu za makaburi na njia ya jeneza, na kuongeza sentensi kwamba eneo lisipoanza kutumika ndani ya miaka mitano halmashauri iwe huru kulichukua. Sentensi hiyo ilipigiwa kura. Ilipita kwa sauti moja tu. Kuhusu maiti wasiokuwa wa mtaa wetu, au wasafiri wanaofia hospitali ya wilaya, bado hatujaafikiana, na kikao kinaendelea Jumamosi hii baada ya Alasiri. Mzee ameomba yeye ndiye aipeleke barua kwa mkono wake.